Blogu ya biashara ndogo: andika bei kwanza, hayo maapp ya masoko yatafuata (uzi maalumu)

Fundi Keki (mleta uzi)

Heshima kwenu wakuu, wakubwa shikamooni.

Nimeleta huu uzi maana kila wiki lazima mtu aulize "jamani natumia app gani kutangaza biashara mtandaoni", anatajiwa app kumi na tano, anazipakua zote, simu inajaa, mwezi unakatika hajauza hata kopo la kuokea. Mimi nina kiduka cha vifaa vya keki Kariakoo, makopo, nozeli, rangi za chakula, maboksi, krimu, na pembeni nina blogu inayotembea na duka. Mtaalamu wa masoko mimi siyo, ila wateja wengi wapya wanaokuja kaunta wanakuja na simu mkononi posti yangu imefunguka, ndo maana nina ujasiri wa kuongea.

Hoja yangu ni moja tu. Kabla ya app yoyote andika BEI, na jibu maswali ambayo wateja wanakuuliza kila siku. Hii tabia yetu ya "bei njoo inboksi" ndo inaua biashara ndogo mtandaoni kuliko kukosa hela ya matangazo. Google haisomi inboksi yako. Mama yupo Kahama usiku saa tano, watoto wamelala, anaandika "bei ya oveni ya gesi deki mbili", wewe oveni unazo, picha umeweka kali kabisa, chini umeandika "bei DM", hapo Google itakuleta na nini sasa? Italeta yule aliyeandika sentensi nzima: oveni ya gesi deki mbili, inaingia trei ngapi, inakula mtungi wa kilo ngapi, bei kuanzia kiasi fulani, mikoani tunatuma kwa basi.

Sasa mada za kuandika unazipata wapi, wengi wanakwama hapa, wanaenda kutafuta zile kozi za "keywords", yaani maneno ambayo watu wanayaandika Google. Mkuu fungua WhatsApp yako ya biashara, nenda kwenye kutafuta pale juu, andika neno "inatosha". Soma. Rudi andika "tofauti". Soma. Andika "kwa nini". Hayo ndo masomo yako ya mwaka mzima, na yameandikwa kwa maneno yaleyale ambayo mteja atayaandika Google. Posti yangu inayosomwa kuliko zote imetoka humo, kuna dada aliuliza "nina oda ya keki ya mraba inchi 8 nitumie vipimo vya duara inchi 8 si sawa tu?" Siyo sawa. Kopo la mraba la inchi 8 linabeba zaidi ya la duara la inchi 8 kwa robo na kidogo hivi, kina kikiwa kilekile, ukimimina rojo la duara kwenye mraba keki inatoka fupi mteja anakuona mwizi. Nikaandika hivyohivyo, kichwa cha posti ni swali lake neno kwa neno, nikapiga picha makopo mawili nimeyajaza maji nikayamimina kwenye jagi lenye alama za vipimo, chini nikaweka bei ya makopo yote mawili na linki ya WhatsApp. Basi. Hakuna uchawi mwingine.

Ukishapata posti kadhaa ndo unaunganisha Google Search Console, ni bure, inakuonyesha watu wameandika neno gani mpaka ukatokea, umetokea nafasi ya ngapi na wangapi wamebonyeza, inatunza data za miezi 16 nyuma. Mimi naiangalia kuliko hata Google Analytics, ile ya kuhesabu wanaotembelea blogu. Ukiona kuna swali watu wanaliandika wewe unatokea nafasi ya 12 na hujawahi kuliandikia posti yake, hiyo ni oda ya kazi umeletewa mezani.

Karibuni tujadili, wabishi pia karibuni.

Mzee wa Bando

Mkuu na heshima zote, blogu zilishakufa zamani hizo, enzi za blogu ya Michuzi. Sahivi watu wako TikTok na Insta, nani ana muda wa kusoma? Video sekunde 15 mtu kaona mzigo kalipia. Mnapotezea vijana muda.

Fundi Keki (mleta uzi)

@Mzee wa Bando sikatai mzee wangu, na mimi TikTok nipo. Ila tutofautishe, TikTok mtu hakukutafuta, umemkuta anapitisha muda. Google mtu kaja mwenyewe ana shida na mara nyingi ana hela. Video yako ya juzi imeshazikwa na video nyingine, posti ya vipimo vya makopo bado inaleta watu na sijaigusa zaidi ya kubadilisha bei. Halafu unatakiwa uvichanganye, video fupi inaonyesha, maelezo marefu na bei vipo kwenye blogu, linki iko kwenye wasifu.

Cha pili kumbuka tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp vyote vilizima kwa pamoja dunia nzima kwa muda wa karibu masaa sita. Aliyekuwa na duka Insta peke yake siku ile alikaa anaangalia ukuta. Na waliokuwa wanauzia Jumia hapa Tanzania wanajua, Novemba 2019 kampuni ilifunga shughuli zake nchini na ukurasa wako wenye sifa zote za wateja ukaondoka nao. Hata blogu usiiamini kupita kiasi, Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa nchi nzima blogu ya nani ilifunguka? Ndo maana mimi namba za wateja naziandika pia kwenye daftari la kawaida la kaunta, jina, namba, alichonunua, mkoa.

Binti Kisauni

Salaam aleikum nyote. Mie niko Mombasa nauza madera na mabuibui, na hili la bei naliunga mkono miguu na mikono, wallahi wateja wa Mombasa ukiwaambia njoo inboksi wanakuona unawapima uwezo wao kwanza ndio uwatajie bei. Nilipoanza kuandika bei wale wa "nimeuliza tu" wamepungua, anaekuja anakuja ashaamua, anauliza rangi na saizi na namba ya till ya kulipia.

Mie nataka kuongezea habari ya WhatsApp Business maana naona watu wanaitumia kama WhatsApp ya kawaida, tofauti ni jina tu. Iko tangu 2018 na mpaka leo mtu hajaweka katalogi. Weka katalogi, kila nguo na bei yake. Weka majibu ya haraka, mie nikiandika /saizi inajitokeza chati yote ya vipimo vya dera na namna ya kujipima bega mpaka chini, sichoki kuandika. Weka zile lebo, "amelipa", "anangojea kitambaa", "mteja wa Lamu". Na kwenye matangazo ya orodha, ile brodikasti, jueni ujumbe haumfikii mtu ambae hakuisevu namba yako, na orodha moja ni watu 256 mwisho. Sasa mtu anatuma anaona kimya anasema wateja wameringa, kumbe hawakupata kitu! Mie kila mteja akilipa namwambia "nisevu hivi, Madera Kisauni, ndio uone mzigo mpya", nikimtajia jina la kusevu anasevu kweli.

Na jambo la misimu. Posti ya nguo za Idi ukiiandika ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani ushachelewa, Google haijakujua bado na fundi hana nafasi. Mie naandika mwezi wa Rajab, Shaaban watu waanza kutafuta, Ramadhani nashona tu.

Kapripointi

Dada @Binti Kisauni umeniua na hiyo /saizi, leo leo naweka.

Mimi niko Mwanza nauza dagaa na sato wa kukausha. Swali kwa mleta uzi, bei zetu zinapanda na kushuka kila mvua ikinyesha, gunia la dagaa leo hivi kesho vile. Nikiandika bei si nitagombana na wateja? Na washindani watakuja kuchungulia bei zangu washushe mia mbili waniue.

Fundi Keki (mleta uzi)

Hili swali ndo zito kuliko yote kwenye uzi huu acha nilikae vizuri.

Mshindani kwanza. Mshindani wako bei yako anayo tayari, alishamtuma mdogo wake akakuulizia juzi ukamjibu vizuri ukamwita bosi. Unayemficha ni mteja peke yake.

Bei kupanda na kushuka, andika bei na tarehe. Juu kabisa ya posti: "Bei za Jumatatu tarehe fulani, debe kuanzia kiasi hiki hadi hiki kutegemea ukavu na ukubwa." Mteja mwenye akili anajua dagaa siyo soda. Na wewe hiyo inakupa kazi ya kurudi kwenye posti ileile kila wiki kubadilisha namba, usifungue posti mpya kila wiki, ileile moja, anwani ileile, ndo inapata nguvu. Mimi nina ukurasa mmoja wa bei za krimu na rangi, dola ikipanda nabadilisha na tarehe nabadilisha, watu wanaooka keki mikoani wanauangalia kama wanavyoangalia matokeo ya mpira.

Halafu usiishie kwenye namba, eleza bei imetoka wapi. Dagaa wa kuanikwa mchangani na wa kwenye chanja bei haziwezi kulingana, sababu unaijua wewe, mteja wa Dodoma haijui, anaona watu wawili wanauza dagaa mmoja ghali. Ukimwandikia aya mbili na picha ya chanja tayari umeshajitetea kwa watu wote wa Dodoma kwa mpigo.

Ninachokubali kuficha ni bei ya jumla ya wateja wako wakubwa. Hiyo ongeeni simu.

Mzee wa Bando

Bado sijashawishika 😂 kwenye biashara ya nguo za mitumba grade A ukiandika bei umekwisha, kila pisi ina bei yake na mteja mwenyewe ana bei yake. Ila endeleeni.

Fundi Keki (mleta uzi)

@Mzee wa Bando kwenye mitumba ya pisi mojamoja nakubaliana na wewe kwa sehemu, pale stori ya Insta au WhatsApp inafanya kazi kuliko blogu. Lakini hata pale "mashati kuanzia 8,000" inakutosha, hujafunga mlango wa kupatana.

Mama Maandazi TZ

Wakuu mimi niliboosti posti Insta, yaani nililipia isambazwe, nikapata laiki za kutosha, watu wameweka mioyo na moto kila mahali, oda hakuna hata moja. Tatizo nini? Nauza mashine za chapati.

Fundi Keki (mleta uzi)

Dada hapo umepata ulichokiagiza. Meta unawaambia wewe unataka nini, ukichagua lengo la watu washiriki posti, wanaipeleka kwa wale wenye vidole vyepesi vya kulaiki, na wapo kweli, kazi yao hiyo. Chagua lengo la ujumbe, tangazo likibonyezwa linafungua WhatsApp yako moja kwa moja. Punguza eneo, kama huwezi kutuma mashine Kigoma usilipie macho ya Kigoma. Na andika bei kwenye tangazo lenyewe, ataebonyeza ni yule ambae bei haijamshtua, hela yako ya tangazo haiishi kwa wapita njia.

Kingine usiwashe tangazo siku ambayo huna mtu wa kujibu. Tangazo linaleta meseji saa mbili usiku unazijibu kesho yake mchana, mtu alishanunua kwa mwingine.

Na hapa nawapa kitu kidogo ambacho mimi nakitumia kila siku na ni bure. Linki ya WhatsApp unaitengeneza mwenyewe, wa.me/ halafu namba yako inaanza na 255 bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mbele, halafu ?text= na maneno ambayo yatajiandika yenyewe kwa mteja, nafasi kati ya maneno unaweka %20. Sasa kila sehemu weka maneno tofauti. Kwenye posti ya makopo linki yangu inaandika "Habari nimeona makopo ya mraba kwenye blogu", kwenye tangazo inaandika "Habari nimeona tangazo la makopo", kwenye TikTok nyingine. Jioni nahesabu kwenye WhatsApp nani kaja kupitia wapi na nani amelipa, naandika daftarini. Wale wakubwa wana mambo yao ya UTM na pikseli ya kufuatilia mteja katokea wapi, ni mazuri ukikua, lakini kwa duka la mtu mmoja na kijana wake hii inatosha kukwambia hela ya tangazo imerudi au imeliwa.

Kapripointi

Hii ya %20 nimejaribu hapa inafanya kazi, ubarikiwe mkuu.

Ila nina lawama, nimeingia kwenye blogu fulani ya biashara humu humu jukwaani (sitaji), ukurasa mmoja umekula bando langu kama vile naangalia mpira, picha haifunguki mpaka nimekata tamaa. Jamani punguzeni.

Fundi Keki (mleta uzi)

Kweli kabisa, na wengi hawajui. Picha ya simu za sasa ni MB 3 mpaka 5 moja, ukipakia kumi unamwambia mteja alipie bando aone tangazo lako. Kuna tovuti inaitwa Squoosh, ya Google, ya bure, unadondosha picha, unapunguza upana uwe kama pikseli 1200, unachagua WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, inashuka mpaka chini ya KB 200 na macho hayaoni tofauti. Halafu pima ukurasa wako kwa PageSpeed Insights, angalia alama za simu siyo za kompyuta. Kipimo kingine cha kienyeji ni azima simu ya bei rahisi ya mtu mwenye laini iliyo kwenye 3G, fungua blogu yako. Utaona aibu.

Na kwenye picha, piga mwenyewe. Canva itumie kwa bango la Sabasaba na Krismasi, siyo picha ya bidhaa. Mteja amechoka kuona picha za Alibaba, kopo lina mkono wa Mchina, akija dukani kopo jingine.

Wakili wa Mtaa

Nimewasoma kimya muda mrefu, ngoja niongeze la sheria maana watu wanaanzisha blogu kichwa kichwa.

Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka 2018 leseni ya blogu ilikuwa shilingi milioni 1 kwa mwaka, wengi mkakimbia. Zimerekebishwa zaidi ya mara moja baada ya hapo, na mkazo wa leseni umeelekea kwa wanaotoa habari. Wewe unayeuza makopo baki kwenye makopo, ukianza kuchanganya na habari za siasa na ajali ili upate wasomaji umebadilisha aina ya blogu. Soma kanuni za sasa kwenye tovuti ya TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, usisome skrinishoti za 2018 zinazozunguka kwenye magrupu.

La pili, hizo namba mnazozikusanya. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi Mei 2023, na Kenya kuna yao ya 2019. Kwa lugha nyepesi, mteja kakupa namba umletee mzigo, hajakupa umwingize kwenye grupu la watu mia tatu asiowajua. Muulize kwanza, na akisema mtoe mtoe. Na kununua orodha za namba, wale wanaouza "namba 10,000 za wateja Dar", hiyo ni kesi mmenunua.

Binti Kisauni

Hilo la magrupu Wakili umesema kweli, mie nikiingizwa grupu bila kuulizwa natoka na duka lile silinunui tena.

Dogo wa Data

Wakubwa shikamooni. Mbona hamjagusa AI? Mimi naona unaiambia iandike posti 50 kwa siku unapandisha zote unakaa unasubiri trafiki. Pia imeili masoko mmeiruka.

Fundi Keki (mleta uzi)

Marahaba dogo.

Posti 50 kwa siku usithubutu, Google Machi 2024 walitoa sera kabisa ya kupambana na kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kuidanganya, haijalishi kaandika mtu au mashine. Na hata kama wasingekushika, hiyo mashine inajua leo Kariakoo krimu imepanda? Inajua kwamba rangi fulani ya unga ukiiweka kwenye krimu siku ya joto la Dar inavuja? Haijui. Mimi naitumia kunisahihishia, au nimerekodi sauti nikiwa dukani naiambia iniandikie nilichosema, kisha nakaa nakiweka sawa, maana Kiswahili chake kinakuwa kama barua ya ofisi ya kata, mteja anastuka.

Imeili kwa wateja wetu wa kawaida haina kazi sana, mtu imeili aliifungua ili simu ikubali Play Store. Lakini kama unauzia hoteli, shule, ofisi, wale wanasoma imeili na wanataka ankara ya PDF. Ukianza tu tuma kutoka kwenye anwani ya domeini yako, yenye .co.tz au hata .com, siyo ile ya Gmail ya "makopobora2019". Tangu Februari 2024 Gmail wamekaza kwa wanaotuma kwa wingi, lazima domeini iwe na rekodi za uthibitisho, SPF, DKIM na DMARC, mwambie aliyekuuzia hostingi akuwekee, ni kazi ya dakika chache kwake.

Kapripointi

Mkuu la mwisho kutoka kwangu. Ramani ya Google inasaidia kweli au mapambo? Duka langu liko ndani ndani.

Fundi Keki (mleta uzi)

Inasaidia kuliko blogu kwa mtu aliye mjini kwako tayari. Inaitwa Google Business Profile sikuhizi, zamani My Business. Bure. Wanaweza kukutaka urekodi video kuthibitisha, unaonyesha mtaa, kibao cha duka, unaingia ndani unafungua kabati, rekodi mfululizo usisimamishe. Kama huna kibao chora kwanza, hata cha rangi. Jina andika la duka tu usijaze "dagaa bora bei nafuu Mwanza" wanaweza kukufungia. Saa za kazi za sikukuu badilisha, maana mtu akija Idi Pili kafunga safari akakuta kufuli anakuachia nyota moja na maneno. Na wale ambao bado mmeweka kwenye mabango linki ya zile tovuti za bure zilizokuwa zinaishia na business.site, Google walizizima Machi 2024, futeni, mnapeleka watu kwenye ukurasa uliokufa.

Kwa kuwa uko ndani ndani fanya kama mimi, nina posti inaitwa "jinsi ya kufika dukani", inaanzia unaposhuka Mwendokasi Gerezani, picha kwa picha, kona kwa kona, mpaka mlangoni, na madereva boda nawatumia hiyohiyo. Wewe anzia stendi ya Nyegezi na Buzuruga, piga picha asubuhi kabla machinga hawajapanga la sivyo kibao hakionekani. Ukimaliza uthibitisho leta mrejesho hapa, na uweke ile posti ya chanja tuione.